Kalibu zangu za boti zimetobolewa, na boti yangu haijapigwa hata ufito mmoja

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nina hasira ila sijaongeza kitu. Kama kuna mtu alikuwepo pale karakana ya Igogo Jumamosi, aje anikosoe.

Nilivuta mwenyewe turubai la fundi, bila ruhusa. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kalibu yangu namba sita.

Matundu.

Matundu ya misumari midogo, kila baada ya vidole viwili, toka juu mpaka chini. Na matone ya gundi yamekauka.

Hapo ndo uvumilivu uliisha.

Kwa wasiojua hizi kazi: kuna boti nyepesi inajengwa kwa fito nyembamba za mbao. Kwanza unakata vibao vya plaiwudi kwa umbo la tumbo la boti, ndo kalibu. Unazisimamisha kwenye mstari, unapigilia fito juu yake na kuzigandisha kwa gundi. Ikikauka unatoa kalibu, boti inabaki.

Kwa hiyo kalibu ikiwa na matundu maana yake ni moja. Kuna boti imeshajengwa juu yake.

Mimi nina mtoto mmoja, Kabula, miaka minne, tunaishi Kiseke. Nataka boti ya kukodisha kwa watu wanaopenda kupiga kasia. Hiyo ndo kazi niliyojipangia, sina nyingine.

Ramani niliprinti saizi kamili, nikaibandika kwenye plaiwudi kwa uji wa ngano. Nilikata kalibu kumi na moja kwa mkono wangu, sakafuni sebuleni, nikapiga msasa mpaka kwenye mstari. Vumbi mpaka kwenye ugali.

Fundi kazi yake ilikuwa kupiga fito tu. Nikampelekea kalibu.

Kosa langu: sikuandikishana naye.

Wiki ya kwanza, "fito hazijakauka." Sawa. Wiki ya pili hivyohivyo. Akaanza kunitumia picha WhatsApp. Picha tatu, siku tatu tofauti, na kwenye zote kuna ndala ya bluu imelala kifudifudi palepale. Karakana nzima hakuna aliyeigusa ile ndala siku zote hizo?

Halafu akaanza, "ukija upige simu kwanza." Jamani, nipige simu kuja kuona mbao?

Ndo nikaenda bila simu, nikavuta lile turubai.

"Shikamoo fundi. Haya matundu ni ya nini?"

"Marahaba mama Kabula. Hao ni mchwa."

"Mchwa anatoboa kwa kipimo?"

Jamaa aliyekuwa anapiga randa pembeni akacheka: "Huyo mchwa kasomea useremala."

Fundi hakucheka. Nikaangalia vizuri namba sita, upande wa kushoto imepunguzwa na randa, karibu unene wa kidole. Mteja wake alitaka boti nyembamba nini? Sijui. Ninachojua, kalibu ikipunguzwa upande mmoja, boti inatoka imeinama. Na wa kwanza kupanda ni mimi na mwanangu.

Nikaanza kuzikusanya. Akanishika mkono.

"Mama, hapa kalibu ikishaingia ni ya karakana. Ndo utaratibu wa mafundi, uliza popote."

Baadaye niliuliza kweli. Ni kweli mafundi wengi wanabaki na kalibu, lakini zile walizokata wenyewe! Hizi kakata nani?

Siku ile akanitoa nje, akafunga mlango kwa kufuli.

Nikaenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti kanisikiliza vizuri tu, halafu akauliza: "Binti, plaiwudi zote zinafanana. Utathibitishaje ni zako?"

Nimerudi nyumbani nalia kwa hasira, naperuzi picha kwenye simu. Nikaikuta.

Funzo: andikishaneni, na pigeni picha kila kipande kabla hakijatoka nyumbani. Mafundi wa humu semeni ukweli, huo utaratibu upo au nimeonewa? Matusi pia napokea, ila jibuni swali.

Barua niliyogongewa muhuri leo ofisi ya mtaa ni hii:

*Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.*

*YAH: MALALAMIKO YA KUZUILIWA NA KUHARIBIWA KALIBU KUMI NA MOJA ZA BOTI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba fundi aamriwe kufungua karakana mbele yako, na kalibu zangu zirudishwe zote.*

*Uliniuliza nitazitambuaje. Kalibu namba sita, upande wa nyuma, mwanangu alichora ng'ombe kwa kalamu nyekundu ya nta. Ana miguu mitano. Naambatanisha picha niliyopiga sebuleni kwangu kabla sijaipeleka kwa fundi.*

*Kwenye picha ng'ombe ana mkia. Ukifungua karakana utamkuta hana. Mkia ulikuwa pembeni kabisa, umeondoka na randa.*