Mama Mafungu na Shamba la Utani

Jina la Mafungu halikutoka sokoni, ingawa wengi waliolisikia walidhani hivyo. Ni kweli kwamba Teresia aliwahi kuuza nyanya katika soko la Magomeni, mjini Kilosa, na ni kweli kwamba nyanya zake alizipanga mafungu juu ya gunia, nne chini na moja juu. Lakini wauza nyanya wote hupanga hivyo, na hakuna aliyebatizwa kwa sababu hiyo. Jina lilipatikana siku moja ya mwaka 1996, katika kikao cha kamati ya mazingira ya kitongoji cha Mkwajuni, mara tu baada ya chai.

Asubuhi hiyo bwana afya wa kata, Oswald, alikuwa amezungumza kwa saa nzima juu ya agizo jipya. Kila kitongoji kilitakiwa kutenganisha taka zake: zinazooza zifanywe mbolea, zinazofaa kutumika tena zikusanywe, na zisizofaa kwa lolote zifukiwe. Wajumbe waliitikia kwa vichwa, wakanywa chai, wakala maandazi na mayai ya kuchemsha. Walipoinuka, chini ya meza ya wageni palibaki maganda ya mayai, vizibo vya soda, karatasi zenye mafuta na mifuko ya plastiki ya rambo. Teresia, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alipiga magoti akavitenga vitu vile mafungu matatu mbele ya viatu vya wakubwa, kisha akauliza kwa upole kama ndivyo bwana afya alivyokusudia. Ukumbi mzima ulicheka, na Oswald ndiye aliyecheka kuliko wote. Kuanzia siku hiyo hata mwenyekiti wa kitongoji, aliyemfahamu tangu ujana wao, alimwita Mama Mafungu.

Taka nyingi kiasi kile zilikuwa jambo geni. Watu waliowahi kupanga foleni ya sabuni na sukari sasa walikuta maduka yamejaa kila kitu, na kila kitu kilikuja kimefungwa. Chumvi, ambayo zamani ilipimwa kwenye karatasi, sasa ilitiwa kwenye kijifuko cha plastiki. Vijifuko hivyo vilitupwa korongoni, nyuma ya kitongoji, na mvua ilipokuja korongo liliviteremsha hadi mto Mkondoa. Ng'ombe wa wafugaji waliokuja kunywa maji walivilamba kwa ajili ya chumvi iliyobaki, na mwisho wakavimeza.

Teresia alikuwa mjane. Mumewe alifanya kazi katika shamba la mkonge hadi lilipofungwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na shamba lisilotimia ekari moja, lililozungukwa na mstari wa mikonge iliyopandwa na bibi yake kuwa mpaka. Alilipata kwa mama yake, na mama yake alilipata kwa mama yake, kama ilivyo kwa Wasagara, ambao kwao ardhi hufuata upande wa wanawake. Siku moja lingekuwa la Lea, binti yake wa pekee, aliyeolewa Mikumi na kupika chakula cha madereva wa malori kando ya barabara kuu. Jambo hilo halikuhitaji kusemwa. Kila mvua za masika zilipokaribia, Teresia alilima mahindi na kunde, na kila alipolima alijua anamtunzia nani.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kutafuta mahali pa kuweka hayo mafungu matatu. Wajumbe walitajiana maeneo, wakakataliana, jua likapanda. Hapo Oswald, kwa kuchoka, akaamua kumchokoza Teresia. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu siku za misafara. Mtani anaweza kumchukua kuku wako mchana kweupe nawe unatakiwa kucheka. Ukikunja uso, umeshindwa.

"Mtani," alisema Oswald, "hilo shamba lako la nyuma halijawahi kushibisha hata panya. Nipe mimi nitupie taka."

Teresia hakuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka. "Chukua, mtani. Chukua lote, hata kesho. Ila siku ukifa tutakufukia humo humo, katika fungu la tatu."

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Mtu mmoja tu hakucheka, kwa kuwa alikuwa akiandika. Huyo alikuwa Ashrafu, katibu wa kamati, mtu mwangalifu aliyeajiriwa mwaka ule, ambaye alifundishwa kwamba kikao kisichoandikwa ni sawa na kikao kisichofanyika. Katika muhtasari wake aliandika kwamba mjumbe Teresia ameridhia kutoa eneo lake lote litumike kuwekea taka za kitongoji, na kwamba wajumbe wamelipokea jambo hilo kwa furaha.

Wiki tatu baadaye trekta lenye tela lilisimama kwenye mstari wa mikonge. Teresia alitoka na ungo mkononi, akaona taka zimejaa hadi juu, akaangua kicheko. Alidhani ni Oswald tu, kwamba utani wake sasa umeota magurudumu. Alisimama akicheka mpaka tela lilipoinamishwa na mzigo ukamwagika juu ya mashina ya mahindi ya msimu uliopita. Majirani walimwona akicheka, na baadaye, walipoulizwa, walisema kweli yao: hakupinga.

Oswald alifika jioni, hana uso wa utani. Muhtasari ulikuwa umepelekwa ofisi ya kata, ukaidhinishwa, ukapanda juu zaidi, na huko juu, alisema, hakuna mtani wa mtu. Alimwomba avumilie msimu mmoja. Kabla ya msimu huo kwisha alistaafu, akahamia Mikumi, ambako mkewe alikuwa na nyumba.

Teresia alibaki na taka. Mwanzoni, baada ya tela la kwanza, alikaa ndani siku mbili, mlango umefungwa, inzi wakigonga dirishani. Siku ya tatu alikuja Kasaine, mfugaji aliyeweka boma lake upande wa pili wa korongo, amebeba debe. Ndani ya debe kulikuwa na mifuko ya rambo aliyoitoa tumboni mwa ng'ombe wake aliyekufa, imesokotana kuwa kama kamba nene ya kufungia jahazi. Hakupayuka. Aliliweka debe mlangoni akasema tu kwamba ng'ombe huyo alikuwa na mimba, kisha akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Teresia aliingia shambani na jembe. Alichimba shimo la fungu la kwanza, akatenga la pili, akachimba la tatu. Kasaine, alipoona hivyo, alirudi na matawi ya miiba akazizungushia taka zote boma, kama anavyozungushia ndama wake, ili mnyama asiingie. Kipindupindu kilipopita mjini miaka miwili baadaye, Mkwajuni haikuzika mtu. Mbolea ilikwenda katika bustani za mchicha, chupa na mabati vilichukuliwa na mnunuzi kutoka Morogoro, na wageni walianza kuletwa kuangalia. Walimpiga picha amesimama kando ya mafungu yake. Walimpa cheti, akakitundika ukutani mahali palipokuwa na kalenda.

Ilimchukua muda kuelewa kilichokuwa kikimtokea. Kila alipouliza lini shamba litarudi, aliambiwa kwamba mahali hapo ni mfano, na mfano hauhamishwi. Kama angefanya kazi hovyo, huenda wangepahamisha mapema. Lakini angeamkaje asubuhi, na dirisha lake liko hatua ishirini kutoka shimoni, afanye kazi hovyo? Na Kasaine je? Kwa hiyo alipanga vizuri zaidi, na kadiri alivyopanga vizuri ndivyo mlango ulivyozidi kujifunga.

Mwaka 2003, mwezi wa Januari, Lea alirudi. Ndoa ilikuwa imevunjika, na kibanda chake cha chakula kilikuwa kimeondolewa kando ya barabara. Alishuka na godoro, sufuria mbili kubwa na mbegu za mahindi alizofunga katika kitambaa. Alimsalimia mama yake, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akasimama kwenye mikonge. Alikuwa amepaona hapo mara nyingi kwa miaka saba, lakini kwa macho ya mgeni anayeondoka kesho. Aliporudi ndani hakulalamika. Aliuliza tu mama anafikiri masika wapande kuanzia upande upi.

Teresia alikwenda kwa Ashrafu, ambaye sasa alikuwa afisa mtendaji. Ashrafu alimwamkia kwa heshima, akamwekea kiti, akatoa jalada. Muhtasari ulikuwepo, umepigwa mhuri mara tatu. Teresia alieleza kwamba yale yalikuwa maneno ya watani. Ashrafu alikiri kwamba alikuwepo na alisikia kicheko, lakini kicheko hakikuandikwa, naye hawezi kufuta kikao kwa kumbukumbu yake peke yake. Kama Oswald angethibitisha kwa maandishi, suala lingerudi mbele ya kamati.

Basi Teresia alipanda basi hadi Mikumi. Alimkuta Oswald uani kwake, mzee sasa, amezungukwa na chupa za maji zilizotupwa na abiria wa mabasi. Alikuwa akizikata katikati na kuotesha ndani yake miche ya mipapai.

"Mtani," alisema Oswald, "umekuja kunifukia?"

"Bado. Nimekuja unifukue."

Oswald aliweka kisu chini. Aliposikia habari yote aliomba daftari la mjukuu wake, akaandika kwa mwandiko mkubwa kwamba maneno yale yalikuwa ya utani, kwamba yeye ndiye aliyeyaanza, na kwamba hakuna mwenye akili aliyekuwepo angeyachukua kuwa ahadi. Alitia sahihi mara mbili. Wakati wa kuagana alijaribu kusema jambo la kuchekesha, likamshinda.

Kamati ilikaa Jumamosi. Lea alikaa benchi la nyuma, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Ashrafu aliisoma barua yote kwa sauti, kisha akasema, kwa haki kabisa, kwamba kwa maoni yake Mama Mafungu hadaiwi tena na muhtasari ule. Akitaka shamba lake leo, ni lake. Lea alinyanyua kichwa.

Mwenyekiti alishukuru. Kisha akauliza taka ziende wapi.

Alimwangalia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeangaliwa alitazama mikono yake. Ukumbini humo kulikuwa na watani wa kutosha kuchekeshana hadi jioni, lakini hata mmoja hakuthubutu kumtania mwenzake. Miaka saba ilikuwa imewafundisha. Kalamu ya Ashrafu ilikuwa imekaa tayari juu ya karatasi, nao waliiangalia kama watu wanavyomwangalia nyoka aliyelala.

Mwishowe Kasaine alisimama, akiegemea fimbo yake. Alisema hana ardhi ya kutoa. Alitaka tu kujua mapema, kwa sababu taka zikirudi korongoni atahama kabla ya mvua. Alimgeukia Teresia. "Sikulaumu, mama. Nataka kujua tu, nihesabu siku za safari."

Teresia alikuwa ameishika barua ya Oswald magotini. Alihisi macho ya binti yake mgongoni. Alifungua mdomo ili aseme "nalitaka shamba langu", maneno aliyoyarudia ndani ya basi njia nzima kutoka Mikumi, na badala yake aliliona debe mlangoni pake, na ile kamba ya rambo ndani yake. Aliikunja barua mara mbili, mwenyekiti akakohoa.

"Andika mwaka mmoja," alimwambia Ashrafu. "Mwaka mmoja, na tarehe ya mwisho. Kisha unisomee ulichoandika."

Ashrafu aliandika, akamsomea polepole, tarehe pamoja na mwezi. Wajumbe walipumua, wakapiga makofi. Mwenyekiti alisema ndiyo maana kitongoji kinajivunia Mama Mafungu.

Nje, Lea alimsubiri hadi watu wakapungua. "Shamba umepewa mbele ya watu wote, mama," alisema. "Umelirudisha mwenyewe."

"Ni mwaka mmoja, mwanangu. Imeandikwa."

"Hata ile ya kwanza iliandikwa. Mimi siwezi kupanda mahindi juu ya tarehe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi Teresia. Jumatatu Lea alifunga godoro lake, akachukua sufuria mbili na kitambaa cha mbegu, akamwamkia mama yake shikamoo kwa sauti ya kawaida, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya kawaida, akapanda basi la Mikumi. Mbegu chache zilidondoka mlangoni. Teresia aliziokota zote, akazihesabu bila kukusudia, zikawa tisa, akazitia ndani ya kikombe juu ya kabati.

Alasiri hiyo tela lilikuja kama kawaida. Alitenga, akafukia, akafunga geti la miiba, akanawa mikono kwa majivu. Halafu akaketi kibarazani, ungo mapajani, kuchambua mchele wa chakula cha jioni. Ulikuwa mchele wa Tindiga, wenye mawe mengi, na alikuwa amezoea kupima wa watu wawili. Alirudisha nusu guniani. Vidole vyake vilifanya kazi peke yake: mchele upande huu, chuya upande ule, mawe pembeni. Kuku walimsogelea, akawarushia chuya. Mawe aliyakusanya kiganjani, akayatupa chini ya mikonge. Alipepeta mara ya mwisho, akapuliza vumbi lililobaki, akaumimina mchele sufuriani.