Mume Aliyekaa Mwisho wa Benchi

Jua halijaanza kuchoma, lakini benchi la zahanati limeshajaa. Ni Jumanne, siku ya wajawazito katika zahanati moja ya Kata ya Ringwani, wilayani Serengeti. Wanawake wamebanana bega kwa bega, vitenge vimefunika matumbo, kadi za kliniki zimelowa jasho la viganja. Mwanaume ni mmoja tu, na amevaa koti la bodaboda.

"Waliokuja na wenza wao wataingia kwanza," anatangaza muuguzi Zilpa Ouma, akiwa mlangoni. "Wengine mtasubiri. Si nimewaambia? Ukijipima peke yako umepima nusu."

Benchi linaguna. Jumanne ni siku ya mnada pia, na mwanaume wa huku ukimwambia achague kati ya ng'ombe na kliniki, umeshapata jibu kabla hajafungua mdomo.

Zilpa ana miaka 41. Alizaliwa upande wa Sirari, wilayani Tarime, na wajomba zake wako ng'ambo ya mpaka. Amefanya kazi hapa miaka tisa. Wauguzi ni wawili, vijiji ni vinne, na mvua ikinyesha vijiji viwili kati ya hivyo havifikiki.

Kila mjamzito anayepita kwake anapimwa wingi wa damu, kaswende na virusi vya ukimwi. Kidole kinatobolewa, tone linawekwa kwenye kipimo, halafu wanasubiri robo saa. Mama akikutwa na virusi anaanza dawa siku hiyo hiyo, na akizimeza vizuri, mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa na kunyonya salama.

"Kupima si kazi," anasema. "Kazi ni benchi. Benchi lina macho."

Anasimulia kuwa mwaka wake wa kwanza kuna mama alikutwa na virusi, wakakaa ndani muda mrefu wakizungumza. Mama yule alipofika nyumbani alikuta kijiji kimeshajua.

"Mimi sikutoa neno. Mlango ndio uliosema. Waliona wenzake wanatoka haraka, yeye hatoki."

Tangu hapo kila anayeingia anakaa sawa na mwenzake. Aliye salama anaulizwa habari za mihogo, za mbuzi, za mtoto aliyehitimu darasa la saba, mpaka muda wake uishe. Wanawake wengine wanadhani Sista Zilpa ni mmbea tu. Anawaacha wadhani hivyo.

Huyo ndiye mtu aliyeumbua familia mbele ya benchi zima Jumanne hii.

Walioitwa kwanza ni wale wenye mwanaume. Mokami, msichana wa miaka 20 mwenye mimba ya miezi minane, ananyanyuka kwa shida. Dereva wa bodaboda anamfuata. Kwa sababu zinazoeleweka, majina yote ya wateja katika simulizi hii si yao. Dereva tumwite Marwa.

Zilpa anamtazama Marwa. Anamtazama tena.

"Wewe! Si ulikuwa hapa Jumanne iliyopita na yule dada wa Kenyamonta?"

Marwa anavua kofia, anaivaa.

"Na mwezi uliopita ulikuja na mwingine. Marwa, una wake wangapi wewe? Au umefungua mji bila kutualika?"

Benchi linapasuka kwa kicheko. "Mura, kijana wetu, na mimi niandike!" anapiga kelele mama mmoja, akijipiga paja. "Mume wa kata nzima huyo!" anadakia mwingine.

"Sista, mimi ni dereva tu," anajitetea Marwa. "Mtu ananiambia nimpeleke kliniki, nisimame naye asikae foleni. Ananipa nauli na soda. Vidole vyote mmeshanitoboa, sina hata pa kushikia klachi! Afadhali mimi, hakuna mwanaume aliyepimwa kama mimi Serengeti hii."

Wanacheka mpaka wengine wanashika matumbo. Zilpa naye anacheka. Mokami amejifunika uso kwa kitenge. Haoni hata pa kukanyaga.

Hapo mwisho wa benchi ananyanyuka mama mtu mzima, mwembamba, mwenye fimbo. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza amekuja na nani. Tumwite Nyangi.

"Mnacheka nini?" anauliza. Kiswahili chake ni kizito, kila neno analiweka chini kama jiwe. "Huyo mke ni wangu. Ng'ombe nilitoa mimi. Mume wake ni mimi."

Kicheko kinakatika. Huku kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Kwa Wakurya, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa msichana, ili msichana huyo amzalie watoto na mji wake, yaani boma, usifungwe. Wanaiita nyumba ntobhu. Mwanaume wa kumpa mimba huwa anachaguliwa. Anakuja na kuondoka, na mtoto si wake. Mtoto ni wa yule mama aliyeoa.

"Mara ya kwanza nilikuja naye mwenyewe," Nyangi anaendelea, akimwelekezea Zilpa fimbo. "Mimba ilikuwa changa. Wewe uliniambia nini?"

Zilpa anakumbuka, inaonekana usoni.

"Ulisema, 'Bibi, kaa nje, namtaka mwenza wake.' Nikasema mwenza ni mimi. Ukacheka. Ukasema mkalete mwanaume. Tumeleta mwanaume. Leo unacheka tena. Sasa tulete nini?"

Mama aliyekuwa anajipiga paja anainamia kadi yake kama anayesoma. Marwa anarudi nyuma taratibu, anaegemea pikipiki, haiwashi.

Zilpa anashuka ngazi za zahanati, anapiga goti mbele ya yule mama kama mtoto.

"Shikamoo, mama."

Nyangi anakawia kuitikia. Benchi zima linasubiri naye.

"Marahaba. Nyanyuka, watu wanatazama."

"Wacha watazame," Zilpa anamjibu. "Na wewe walikutazama."

Wanaingia ndani watatu, yeye, Nyangi na Mokami, na mlango unafungwa. Yaliyozungumzwa humo walikubali baadaye, wote watatu, yaandikwe.

Cha kwanza kilichomchoma Zilpa si kicheko. Ni hesabu. Kwenye kadi ya Mokami imeandikwa tangu mimba changa kwamba mwenza amepimwa, yuko salama. Mwenza huyo ni Marwa. Mwanaume mwenyewe wa mimba ile hajawahi kutobolewa kidole, na kwa miezi yote hiyo hakuna aliyemtafuta, kwa sababu kadi ilisema ameshapatikana.

"Nilipigiwa makofi mimi," anasema Zilpa. "Kwenye kikao cha wilaya, Mugumu. Waliniita mbele, wakasema tazameni zahanati hii, wanaume wanapima. Kumbe nusu yao ni Marwa."

Anafuta macho kwa mkono wa gauni.

"Na nyumba ntobhu naijua. Nimealikwa kwenye ndoa zao, nimekula ugali na nyama yao, nimecheza. Sijaja jana. Lakini nikivaa hili gauni jeupe sijui akili inakwenda wapi. Nikiona mwanamke na mwanamke naona mkwe na mkamwana. Yule mama aliniambia ukweli siku ya kwanza, nikamfukuza. Nikampokea mwongo, nikamshukuru."

Mokami alipimwa tena siku hiyo, kama inavyotakiwa mimba ikikaribia mwisho. Yeye mwenyewe ameruhusu tuseme: hakuwa na virusi.

Furaha haikudumu. Mwanaume yule bado anaingia nyumbani mwao. Kama ana virusi, Mokami anaweza kuambukizwa kesho, au akiwa ananyonyesha, na mama aliyeambukizwa hivi karibuni ndiye anayempitishia mtoto kwa urahisi zaidi. Mtoto aliyesubiriwa kufungua mji wa Nyangi angeweza kuupata ugonjwa wakati kila karatasi inasema wazazi wako salama.

"Mama, huyo mwanaume unamfahamu vizuri?" Zilpa alimuuliza Nyangi.

"Nilimchagua mimi mwenyewe. Niliuliza ukoo. Niliuliza kama kwao kuna wezi, kama kuna kifafa, kama wanapiga wanawake." Nyangi akazungusha fimbo yake. "Damu sikuuliza. Nani angenifundisha kuuliza? Huku ndani niliambiwa nikae nje."

Siku ile Zilpa alipima wote waliobaki, kila mmoja muda wake uleule. Ila habari za mbuzi, anasema, hakuweza kuuliza.

Jumamosi hakuwa na zamu. Alimkodi Marwa, ambaye safari hii alikuwa dereva kweli, akampeleka mpaka mji wa Nyangi. Walipofika Marwa alizima pikipiki akasema, "Sista, mimi nitabaki hapa kwenye uzio. Yule binti sina uso wa kumtazama."

Mwanaume aliyetafutwa Zilpa alimkuta hapohapo, akikarabati zizi. Tumwite Magige. Ni mtu wa makamo, mkewe alishafariki, na kabla ya kurudi kijijini alizunguka miaka mingi kutafuta maisha machimboni. Nyangi alikuwa ameshamweleza, na alikuwa ameshakataa.

"Mnaniita kliniki kama nani?" alimuuliza Zilpa, bila kuacha kufunga miti. "Mimi si mume wa mtu. Mtoto si wangu, hataitwa jina langu. Kwenye shughuli zake sitakaa mbele. Mimi hapa si mtu. Sasa asiye mtu anapimwaje?"

Zilpa alikuwa amesomea ushauri nasaha, amepewa maneno ya kumwambia mume mkaidi, mume mlevi, mume mwenye wake watatu. Ya kumwambia asiye mume hakupewa.

"Halafu nikaona kamba inamponyoka," anasema. "Nikasema kumbe huyu hana kiburi. Anaogopa. Na aibu yake imekosa hata pa kukaa, kwa sababu kila tukihesabu watu wa mimba hii, yeye tunamruka."

Nyangi ndiye aliyejibu. Alitoka jikoni na ungo mkononi.

"Magige, sikuiti kama mume. Mume nipo. Nakuita kama mtu anayeingia nyumbani kwangu. Unapita mlango wangu, unakula chakula changu. Hujawahi kuwa si mtu hapa. Ila kuanzia leo, ukitaka kupita mlango huu, utapitia kwanza kwa huyu." Akamwonyesha Zilpa kwa kidevu. "Na ukikutwa nayo, sitakupigia kelele kijijini. Utameza dawa, na mke wangu atalindwa. Basi."

"Na wakicheka?" Magige akauliza.

Nyangi akamtazama Zilpa. Zilpa akatazama chini.

"Hawatacheka," alisema muuguzi. "Aliyekuwa anawachekesha ni mimi."

Jumanne iliyofuata Magige alikuja peke yake, kwa miguu, kofia imefunika nyusi. Alikaa benchini katikati ya wajawazito, magoti yamebana, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha wenyewe. Wanawake walisogea kidogo kumpa nafasi. Hakuna aliyesema mura wala baba nani.

Aliingia, alikaa ndani muda wa kila mtu, akatoka. Usoni hukuweza kusoma kitu, na ndivyo Zilpa anavyotaka iwe. Jibu la kipimo chake halitaandikwa hapa. Nyangi alipoulizwa alisema tu, "Sasa najua nyumba yangu ilivyo, na najua la kufanya. Inatosha."

Mokami anatarajiwa kujifungua mwezi ujao, hapohapo zahanati. Anayetakiwa kuitwa uchungu ukianza, safari hii, ni Nyangi. Zilpa aliandika mwenyewe kwenye kadi, akamsomea.

Anachokitaka Zilpa sasa si kikubwa sana. Anataka kwenda kwenye kikao kijacho Mugumu aseme yale makofi yalikuwa ya bure. Anajua ataaibika, na huenda akahojiwa. "Bora nihojiwe mimi kuliko mtoto augue," anasema. Anataka pia kliniki iache kuwapa foleni ya mbele walio na mwanaume, maana foleni hiyo ndiyo iliyomzaa Marwa.

Hajasubiri ruhusa kwa yote. Baada ya Magige kutoka siku ile, alisimama mlangoni, akakunja mikono kifuani kama anayesikia baridi.

"Kuanzia leo sitauliza mwenza," aliwaambia. "Kila mtu ataingia kwa zamu yake, awe na mwanaume asiwe naye. Humo ndani, wawili tu, nitakuuliza mambo mawili. Nani unalala naye, na nani mwenye kauli nyumbani kwenu. Kama ni mmoja, sawa. Kama ni wawili, nawataka wote wawili. Akiwa bibi, aje. Akiwa jirani, aje. Sitacheka."

Halafu mama mmoja wa katikati akanyanyuka, akakunja kadi yake, akaiweka kifuani. Wa pili akamfuata. Na wa tatu, ambaye alikuwa amekuja na mwanaume aliyevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri, akamnong'oneza mwanaume huyo kitu, naye akaondoka haraka bila kuaga.

"Sista," alisema yule wa kwanza, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake, "sisi tupime leo, lakini tutarudi tena wiki ijayo, na wenyewe."

Zilpa aliwafungulia mlango.