Mtani Wangu Amenishtaki kwa Utani Wetu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mji wetu mdogo na kazini kwangu wengi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, Mnyamwezi wa Tabora, muuguzi wa serikali kwenye kituo cha afya njia ya kwenda Nzega. Nina watoto watatu. Mume alishakwenda zake zamani, hiyo si habari ya leo. Habari ya leo ni mwanaume mwingine, na wala si mpenzi wangu, msianze.

Ni mtani wangu. Yeye Mzaramo, tabibu wa kituo hicho hicho. Wanaojua wanajua: tangu babu zetu wabebe mizigo kwenda pwani na kupita kwao, Mnyamwezi na Mzaramo hawakasirikiani. Anakuita mwizi, unamwita mchawi, halafu mnakula sahani moja. Baba yangu alipofariki, mtani alivaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akagoma kulivua mpaka apewe kuku. Mama, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu msiba uanze, akacheka. Siku ile nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka jana mgongo ukanikatalia. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikaanguka wodini na beseni mkononi. Nikapasuliwa Mwanza. Daktari akaniandikia likizo ya ugonjwa, akasema nisinyanyue kitu, ila nitembee kila asubuhi hata kama inauma. Mshahara ukaendelea kuingia kama utaratibu unavyosema, nami nikahamia kwa mama, mtaa wa Kanyenye. Kazini hawakuletewa mtu wa kushika zamu zangu. Zikamwangukia mtani.

Akawa ananipigia simu. "Mtani, mizigo ya babu zako ndiyo imekufikia mgongoni. Unarudi lini? Mwenzio nakufa huku." Namjibu, "Kufa tu, nije nivae koti lako." Tunacheka mpaka kidonda kinavuta.

Siku moja akaja kuniona, na mchele wa Igunga mkononi. Akanikuta uani natembea na fimbo. Akaanza kupiga makofi: "Hebu nione kama kiuno kimerudi!" Jamani, nilikuwa nimechoka kuonewa huruma na kila mtu. Nikatikisa mabega kidogo. Akanirekodi, akarusha kwenye kundi letu la kazini: "Mgonjwa wa serikali huyu hapa." Na mimi, kwa kuwa mtani hajibiwi kinyonge, nikaandika: "Mimi nalipwa kucheza, ninyi mnalipwa kuchoka. Bebeni, Wanyamwezi tulishabeba ya kutosha." Kundi zima likacheka.

Wiki chache baadaye nikaitwa wilayani. Mgongo unawaka moto kwenye kiti cha mbao, video yangu inachezwa mbele ya watu wazima. Kisha mmoja akayasoma maneno yangu polepole, kama anasoma taarifa ya habari. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Waheshimiwa, huo ni utani. Aliyenirekodi ni mtani wangu, yule pale, muulizeni." Maana alikuwepo, amekaa karibu na dirisha, na mimi nilijua ataniokoa. Mwenyekiti wa kikao akamgeukia. Mtani akasema bila kuniangalia, "Mimi nilimwona anacheza. Maneno ameandika mwenyewe." Kumbe ndiye aliyepeleka malalamiko.

Mshahara umesimamishwa, na wameniandikia barua nijieleze kwa maandishi. Vyeti vya daktari niliwapa, wakasema upasuaji hawaukatai, wanachotaka kujua ni kama bado naumwa au nimenogewa. Nimenogewa! Usiku nageuzwa kitandani na binti yangu.

Nilimsubiri nje. "Mtani, nimekukosea nini?"

"Dada," akaniambia, hakuniita mtani, "tangu uondoke nafanya zamu zangu na zako. Nikiomba mtu naambiwa nafasi yako imejaa, unalipwa. Mke wangu amejifungua mtoto mfu, mimi niko kazini nazalisha wake za watu."

Hilo la mtoto sikulijua. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia kwamba umeelemewa?"

"Nilikuambia kila siku nakufa huku. Ulikuwa unacheka."

Nimelia sana, wapendwa. Namhurumia na namchukia kwa pamoja. Kama alikuwa na hasira, angeipeleka kwa ofisi isiyoleta mtu, siyo kwenye mgongo wangu. Sikuomba kuugua, na likizo ile si zawadi aliyonipa yeye. Mama ananiambia, "Mzaha mzaha hutumbua usaha," lakini yeye mwenyewe hajala vizuri tangu asikie nani kanishtaki.

Sasa kaka yangu amepekua simu yangu. Kwenye kundi lile lile amekuta maneno ya mtani ya zamani: "Dawa za kituo nimeuza zote, leo nakula kuku kwa jasho la wagonjwa." Ulikuwa utani, kituo kizima tunajua, na hakuna utani mwingine humo mkali kama huo na wangu. Kaka anasema niuambatanishe kwenye barua yangu ya kujieleza. "Wataona mlikuwa mnataniana, utapona. Wakiamua kumchunguza na yeye, shauri lake." Lakini nimeshawaona watu wale wanavyosoma. Mimi wameniandikia barua. Mtu wa wizi wa dawa wanamletea pingu. Na mkewe ametoka kuzika juzi.

Nisipoupeleka, sina kingine cha kuwaonyesha kwamba nilitania, na watoto wangu wanakula kwa bibi yao mjane. Barua inatakiwa Ijumaa.

Jana amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu siku ile. Nilifungua nikitegemea tusi la kitani, ningelipokea hata hilo. Ameandika maneno mawili tu: "Shikamoo dada." Ni mdogo wangu kwa miaka sita, na miaka yote hii hajawahi kuniamkia, kwa sababu mtani haamkiwi.

Sijajibu. Ninyi wenye watani, na ninyi mliowahi kulipwa mkiwa kitandani au kubebeshwa zamu za mgonjwa, semeni na mimi kabla ya Ijumaa: niwapelekee maneno yake, au nimwitikie marahaba?