Mafiga Yaliyofungiwa Ndani

Iko siku moja ambayo hunirudia kila ninapomwona kijana anapima kiwanja kwa kamba na hakuna mzee hata mmoja karibu naye. Hunirudia na kuniudhi upya, mwanangu, ingawa wengi waliokuwepo tumeshawazika.

Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, mwenye haya kupita kiasi. Mgeni akiingia kwetu kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini, walimu wa chuo fulani waliomba kutembezwa kijijini kwetu, huko juu ya mji wa Keroka, waone nyumba na mahali pa zamani. Aliyeijua historia ni baba yangu, Mzee Ogeto, tuliyemwita Tata. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kununulia chumvi. Basi nikaambiwa niwe mkalimani. Nililia. Mama akanifunga kitambaa safi kichwani, akanisukuma nje.

Tulianza vizuri. Tata aliwaonyesha jabali ambalo wanawake walijificha chini yake na watoto wao enzi za kuvamiana kwa ajili ya ng'ombe. Akawaonyesha nyumba ya kwanza ya matofali, ya mzee aliyekuwa wa kwanza kusali Jumamosi, ambaye majirani walimpelekea uji wakidhani ni mgonjwa kwa kuwa hakuonekana shambani. Wageni walicheka. Kiongozi wao, Bwana Mutua, mtu wa Machakos aliyevaa kofia, aliuliza maswali mengi huku anahema kwa sababu ya mlima.

Mwisho Tata alitaka waone kitu alichokithamini kuliko vyote: mafiga ya babu yake. Babu huyo alifika mlimani pale akikimbia njaa, akapanga mawe matatu, akawapikia wanawe. Kila nyumba ya ukoo wetu iliyojengwa baadaye ilichukua kaa la kwanza la moto hapo. Boma lilipohama, nyasi ziliota. Mawe yakabaki.

Sasa sikiliza ujinga wenyewe. Mawe yale yalikuwa ndani ya nyumba ya kaka yangu, Nyakundi.

Nyakundi alikuwa na duka Keroka, na alikuwa na haraka na kila kitu. Alipotaka kuoa, Tata alimwonyesha pa kujenga, kule chini kwenye migomba. Kisha Tata akalazwa hospitali kwa kifua. Nyakundi akaona kwamba kule chini mabati yake mapya hayataonekana kutoka barabarani. Akapanda juu, akakuta uwanja ulio sawa, akajenga. Hakujiuliza ni nani aliyeusawazisha. Mawe yalikuwa makubwa na yamezama ardhini, hakutaka kuvunjika mgongo, akayazungushia kuta. Tata aliporudi, alikuta nyumba imeezekwa na bibi harusi yumo.

Nawe unaijua desturi yetu: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua inyeshe ya mawe, atasimama nje. Hiyo ndiyo heshima kati yake na mkaza mwana. Kwingine wangesema, baba, ingia ukae. Kwetu, Nyakundi alikuwa amemfungia baba yake nje ya meko ya babu yake, maisha yote, bila hata kutumia kufuli. Na Tata, kwa ukaidi wake, hakusema neno. Miaka ilipita akinywa uji na kuyatazama yale mabati.

Wiki hiyo Nyakundi alikuwa ametangaza kwamba ataweka sakafu ya saruji. Fundi angekuja kesho yake kuyapasua mawe kwa nyundo. Kwa hiyo unaona Tata alivyokuwa: leo wageni wayaone, kesho hayapo, na yeye mwenyewe hawezi kuvuka kizingiti.

Mke wa Nyakundi, Moraa, alitukaribisha. Tata alisimama pembeni mwa uwanja, mgongo nusu ameugeuza.

"Mzee, ingia utuonyeshe," Bwana Mutua akamwita.

"Ingieni ninyi," Tata akasema. Nikatafsiri, tukaingia.

Moraa alikuwa ameweka mitungi yake ya maji juu ya mafiga. Bwana Mutua hakuona mahali pengine pa kuweka kofia, akaiweka kwenye jiwe la tatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Sauti ya Tata ikapita ukutani: "Kerubo! Lipo lile lenye ncha?"

"Lipo, Tata!"

"Linatazama wapi?"

"Mlangoni!"

"Mlangoni wapi? Linatazama mlima Manga! Mlango umekuja juzi!"

Hebu fikiria, mwanangu. Mzee anapiga kelele nje, wageni wanaandika ndani, na mimi, niliyeogopa hata kuitikia jina langu darasani, ninapayuka kama mchuuzi sokoni.

"Lakini kwa nini asiingie?" Bwana Mutua aliuliza. Nikamweleza kwa sauti ndogo. Akacheka. "Aingie kidogo tu. Nani atamwona?"

"Mimi nitamwona," Moraa akajibu kwa Kiswahili chake. "Na yeye atajiona."

Hapo ndipo Nyakundi alipofika na mfuko wa saruji nyuma ya baiskeli. Akawasalimu wageni, akauona mkusanyiko wetu, akaguna. "Mmepanda mlima wote huu kuja kuona mawe? Mngechelewa siku moja tu mngekuta sakafu nzuri."

Kisha Tata akaniita tena, safari hii polepole. "Kerubo. Angalia kama yana masizi."

Nilihamisha mtungi. Nikaingiza kidole kwenye ufa wa upande wa ndani, mahali ambapo mvua haikuwahi kufika. Kilitoka cheusi. Sikuweza kulipigia kelele jambo hilo. Nikatoka nje, nikamwonyesha kidole.

Alikishika, akakitazama muda mrefu, halafu akajipaka yale masizi kwenye kiganja chake na kukifumba.

"Nyakundi," akasema, "ungeuliza ningekukataza, tukamaliza. Hukuuliza. Umenifungia nje ya nyumba ya babu yangu kwa mlango ulionunua Keroka."

"Lakini Tata, ulirudi kutoka hospitali ukanyamaza!" Nyakundi alifoka. "Miaka yote hii! Hata kukohoa hukukohoa! Ningejuaje?"

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniudhi wakati ule na linaniudhi hadi leo. Mmoja hakuuliza, mwingine hakusema, na wote wawili walijiona wana heshima.

Aliyetukwamua ni Moraa. Aliinua mitungi yake mmoja mmoja akaitoa nje, akatandua mkeka wake, akaupeleka kwenye kibanda cha jikoni. "Nitalala huku," alimwambia mumewe, "mpaka ukuta ule utoke kwenye moto wa watu."

Bwana Mutua alichukua kofia yake bila kuambiwa.

Kesho yake fundi alikuja na nyundo akakuta kazi imebadilika. Walitoa mabati ya chumba cha mbele, wakabomoa kuta zake, wakahamisha mlango. Mawe yakabaki uwanjani, na nyumba ikabaki fupi, imekatwa uso. Keroka walimcheka Nyakundi mpaka akachoka kukasirika.

Tata alisimama palepale pembeni siku nzima. Hata ukuta wa mwisho ulipoanguka hakusogea, mpaka vumbi lilipotulia na udongo ukafagiliwa. Ndipo akaja, akakaa kwenye jiwe lenye ncha, uso kuelekea Manga, akaomba moto. Moraa alileta kaa kwenye kigae, akaliweka mbali kwa heshima, mimi nikamfikishia. Nyakundi akapuliza. Wala hawakuzungumza, watu wale! Lakini moto uliwaka.

Basi mwanangu, unayekuja nyumbani na ramani ya nyumba mfukoni, ukikuta mahali pamesawazishwa, jua kuna mtu aliyepasawazisha. Muulize mzee kabla hujapiga kigingi, na usiulize kwa adabu tu huku mchanga umeshamwagwa. Nasi wazee, tuseme mapema. Tusikae tukinuna na kutegemea vijana wasome nyuso zetu.

Mungu akupe mahali pako pa kujenga. Moto wako usizimike, na baba yako awe na pa kukaa karibu nao.