Taa ya Kijani Katika Gia ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye karakana ya serikali mjini Meru kabla lango halijafunguliwa. Nilivaa ovaroli ya kaka yangu ambayo mama alikuwa ameipunguza miguu kwa sindano na uzi. Baba alinisindikiza kwa miguu kutoka kwetu upande wa Kinoru, akaniacha langoni, akarudi kwenye shamba lake la kahawa. Askari wa zamu alinitazama, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia mimi ni fundi mpya wa umeme wa pikipiki. Akacheka kidogo, kisha akaenda kumwita msimamizi.

Msimamizi aliitwa Mzee Salim. Alikuwa mzaliwa wa mjini pale pale, mtoto wa muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa mashambani tuone haya kufungua mdomo. Alisoma barua yangu yote, akairudisha kwenye bahasha.

"Karimi, karibu, binti yangu," alisema. "Mafundi wangu wa injini ni hodari, lakini waya wanaziogopa kama nyoka. Hapa hutakosa kazi."

Niwaeleze vijana mnaosoma haya jinsi mambo yalivyokuwa. Wakati huo maafisa wa kilimo, wa mifugo na wauguzi wa vijijini walipewa pikipiki za serikali, nazo zilipanda na kushuka milima ya Meru na Embu kwa mvua na kwa vumbi. Makosa mengi ya umeme yalikuwa rahisi. Betri imekaukiwa maji, unaiongezea. Fyuzi imeungua, yaani kile kiwaya chembamba kinachokatika ili waya kubwa zisalimike, unaweka mpya baada ya kujua kwa nini ya kwanza iliungua. Kutu imeingia kwenye viunganishi, unapiga msasa. Mambo hayo mtu huyamaliza kabla ya chai.

Kosa lililotusumbua ni lile la kuja na kwenda. Mzee Salim aliliita homa ya vipindi. Mwenye pikipiki analalamika kwamba taa inazimika au injini inakatika, anakuletea, unaiwasha, inanguruma vizuri kabisa. Unaizungusha uwanjani, haina neno. Anaondoka nayo, na akifika mlimani inamfanyia vile vile.

Wiki ile ya kwanza afisa mmoja wa mifugo alileta pikipiki ambayo taa yake nyekundu ya oili ilikuwa ikiwaka na kuzima hata tangi la oili likiwa limejaa. Nilichukua taa yangu ya kupimia, nikapiga magoti. Mzee Salim akanigusa bega.

"Umeshamuuliza?"

"Nimuulize nini, Mzee?"

"Inawaka akiwa wapi. Akikata kona au akinyoosha. Barabara mbaya au lami. Yeye amelala nayo na kuamka nayo, wewe umeiona leo."

Nikamuuliza. Akasema inawaka akikata kona ya kulia. Nikageuza usukani kulia, taa ikawaka, na pale shingoni mwa usukani nikaona waya iliyochubuka ikigusa chuma. Tangu siku hiyo nikaipenda kazi hii.

Baada ya miaka michache Mzee Salim alihamishiwa karakana ya Embu, na haikuchukua muda akaniombea uhamisho nami. Nilipanga nyumba Manyatta, nikaolewa huko huko, na watoto wangu wakakua wakisema Kiembu kuliko Kimeru. Ilikuwa Embu ndipo tulipokutana na pikipiki ya Sista Ciarunji.

Sista Ciarunji alikuwa muuguzi wa Mbeere, mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kubembelezwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo ya watoto kwenye vijiji vya upande wa Kiambere, huko chini kwenye joto, ambako gari la zahanati halikuweza kupita. Chanjo ilikaa ndani ya boksi kubwa lenye barafu, lililofungwa nyuma kwenye keria. Akina mama walitembea kutoka asubuhi, wakamsubiri kwenye darasa la shule. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo imeharibika na hao akina mama wamekuja bure.

Pikipiki yake ilianza kumzimikia njiani. Aliileta karakana, mafundi wakabadilisha plagi. Ikazimika tena. Wakasafisha kabureta, wakamwaga petroli wakidhani ina maji. Ikazimika tena. Mara ya mwisho barafu iliyeyuka yote. Alipofika, akina mama walikuwa wameshaondoka isipokuwa wachache, na hao ilibidi awarudishe nyumbani yeye mwenyewe bila chanjo.

Afisa wa Afya wa wilaya akaja karakana akiwa na Sista. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka na lawama.

"Mzee Salim, mimi nimeamua," alisema. "Hii pikipiki haina shida, mmeipima nyinyi wenyewe. Shida ni mwendeshaji. Nitampa kijana wa ofisini, na kliniki za Kiambere nizifunge kwanza mpaka tupate gari linaloiweza njia ile."

Sista alinigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi.

"Wewe ndiye wa umeme? Basi nisikilize, kwa sababu hawa hawataki. Hii kitu kabla izimike inanikonyeza. Niko gia ya tatu, naona taa ya kijani inawaka, halafu injini inakufa."

Afisa akatabasamu. Mimi nikapiga magoti kando ya pikipiki. Taa ya kijani huwaka pikipiki ikiwa nyutro tu, yaani haimo ndani ya gia yoyote. Waya yake ikiguswa na chuma cha fremu, taa inadanganyika na kuwaka. Na injini ya pikipiki zile ilizimwa kwa njia hiyo hiyo: waya ya swichi ikigusa chuma, moto wa plagi unakatika. Kwa hiyo mahali fulani waya hizo mbili zilikuwa zikigusa chuma kwa pamoja. Lakini wapi? Niligeuza usukani kulia na kushoto, nikatikisa kila kitu nilichoweza kushika. Taa haikuwaka.

"Ikizimika unafanyaje, Sista?" nikauliza.

"Napiga kiki mpaka mguu unauma. Haiwaki. Nikipumzika kidogo, inawaka."

"Ni joto hilo," fundi mmoja akasema. "Inapoa ndio inawaka." Na kwa kweli hivyo ndivyo sote tulivyokuwa tumeamini.

"Na ukipumzika, boksi linakuwa wapi?"

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Boksi nalishusha. Nalipeleka kivulini. Nitaacha chanjo kwenye jua?"

"Na ukirudi jioni, boksi likiwa tupu, inazimika?"

Aliitazama pikipiki yake. "Ngai, Mungu wangu," alisema polepole. "Kurudi haijawahi."

Mzee Salim alikuwa amesimama nyuma yangu. Alivua kofia yake, akampa Afisa wa Afya aishike, akapanda nyuma ya pikipiki na kukaa juu ya keria kwa uzito wake wote. Mimi nikafungua swichi, nikaingiza gia. Taa ya kijani ilikuwa imezima, kama inavyotakiwa.

"Sasa, Mzee, ruka kidogo."

Akaruka. Pikipiki ikadidimia, na taa ya kijani ikawaka, isizime mpaka alipoinuka. Akaruka tena, ikawaka tena. Karakana nzima ilikuwa imetuzunguka. Sista Ciarunji alijishika kiuno na kupaza sauti, "Si niliwaambia! Si niliwaambia inakonyeza!"

Tukafungua kiti. Chini yake, bolti moja ya kufungia keria ilikuwa ndefu kuliko nyingine, ncha yake imetokeza hadi kwenye fungu la waya. Boksi likiwa zito na njia ikirusha, keria ilishuka na ncha ikazibana waya mpaka boksi lishushwe. Ilikuwa imekwisha kula mpira wa juu, na shaba ilikuwa ikimetameta.

"Nani aliweka bolti hii?" Afisa akauliza.

Keria zile zilitengenezwa pale pale karakana. Mzee Salim alishuka, akaichomoa bolti, akaitazama kwenye kiganja chake.

"Mimi," akasema. "Fupi zilikuwa zimeisha, nikatia hii kwa mkono wangu." Akamgeukia Sista, na yule mtu aliyekuwa mkubwa wetu sote akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Umeteseka njiani na watu wamekusema kwa kosa langu."

Sista aliigusa bolti kwa kidole. "Mzee, wengine wangeitupa hiyo bolti kabla haijaonekana," alisema. "Nifungie pikipiki yangu. Kesho ni siku ya Kiambere."

Afisa alimrudishia Mzee kofia yake, akaipangusa vumbi kwanza, na habari ya kufunga kliniki haikusikika tena. Niliunga waya, nikazifunga tepu na kuzipitisha mbali na chuma. Mzee Salim alikata bolti mpya kwa msumeno na kuipiga tupa mpaka ikawa laini, na mwisho akapanda tena kwenye keria na kuruka hadi tukamwomba ashuke.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na mwishoni nilikalia kiti cha msimamizi. Mzee Salim tulimzika Meru mvua ikinyesha, na niliona maafisa wastaafu wakibeba udongo kwa mikono. Siku hizi pikipiki ni nyingi kuliko watu, na vijana wana mashine za kusoma makosa. Ni vizuri. Nawaomba tu kwamba mteja akisema jambo lisiloingia akilini, msicheke kwanza.

Mwaka niliostaafu, Sista Ciarunji, naye akiwa amekwisha kustaafu, alinialika kwake Kiambere. Alichinja mbuzi, majirani wakajaa. Tulipokuwa tukila alinisogelea na kuninyooshea watu kwa kidole chenye mafuta: kijana mrefu aliyekuwa akikata nyama, mama mwenye mtoto mgongoni, mwalimu aliyekuwa akigawa soda.

"Yule nilimchanja wiki ile ile ya bolti yenu," alisema. "Yule pia. Na yule alilia mpaka akanitapikia."

Kisha akanyanyuka kwenda kuniongezea supu.