Mara Saba kwa Kumi

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishona shuka za hospitali, na wote walimwita Fundi, hata wale waliolijua jina lake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, chenye dirisha moja lililoingiza mvuke zaidi kuliko hewa. Kila asubuhi aliletewa bunda la shuka zilizochanika, mashati ya wagonjwa yaliyokatika kamba, na magauni ya chumba cha upasuaji yaliyofumuka. Akimaliza bunda moja, jingine lilikuwa limeshatupwa mlangoni. Kufikia saa tisa alasiri mgongo ulikuwa umekufa ganzi, na alipoinuka kitini alijishika kiuno kama mjamzito.

Ni mgongo huo uliompeleka baharini. Daktari alimshauri aogelee. Pilipili, nesi wa wodi ya wazazi, akamwambia kuogelea tu kunachosha roho, afadhali waende wakajifunze kupanda mawimbi kwa ubao. Fundi alikuwa na miaka arobaini na minne, akadhani anataniwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa na ubao wake mwenyewe, mrefu na mnene kama mlango, na katika kila mawimbi kumi aliweza kusimama mara tatu. Mara saba alianguka.

Pilipili hakumzidi sana kwa ujuzi, ila alikuwa na moyo wa kujitosa. Ndiye aliyeleta habari ya safari: kisiwa cha mbali, maji ya uvuguvugu, siku saba. Aliweka simu juu ya cherehani na kumwonyesha picha za mawimbi ya kijani yaliyojikunja kama jamvi. Mwezi wa saba, alisema, ndipo yanapokuwa mazuri. Fundi akaomba likizo ya mwezi wa saba. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kubishana, na neno likizo peke yake lilimtosha.

Kazi ya kupanga ikamwangukia yeye, maana Pilipili alikuwa zamu juu ya zamu. Kila Jumapili mchana alikaa mezani kwake na daftari, akasoma simuni habari za upepo, za maji kujaa na kupwa, za mikondo inayomvuta mtu hadi nje. Siku moja akaona picha ya mwamba wa matumbawe wakati maji yamekupwa, una meno kama msumeno. Akalifunga daftari, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mwaka uliopita, pale pale ufukwe wa kwao, kamba inayofunga ubao mguuni ilinasa kwenye jiwe, na mawimbi matatu yakapita juu yake kabla hajapata pumzi. Pilipili alikuwa amempa mgongo akikunja taulo. Fundi alitoka, akaketi, akasema maji leo ni ya baridi. Tangu siku hiyo aliingia hadi kiunoni tu, akausingizia mgongo.

Akampigia mwenye nyumba ya wageni kule kisiwani. Bwana yule alikuwa na ulimi wa asali. Chini kuna mchanga au mwamba? Hamna wasiwasi, mama. Na mtu anayeanguka sana je? Hamna wasiwasi kabisa. Fundi akakata simu akiwa hajui hili wala lile. Alipopiga mara ya pili, alipokea mwanamke, akasema bwana ametoka, yeye ni dobi wa nyumba. Fundi akacheka kidogo, akamwambia wote ni watu wa shuka. Wakazungumza habari za madoa yasiyosikia sabuni, mpaka Fundi akauliza kama naye hupanda mawimbi. Tangu utoto, alijibiwa.

“Unaanguka mara ngapi kwa kumi, dada?”

“Saba,” Fundi akajibu. “Siku nyingine nane.”

“Basi mwezi wa saba usije. Wimbi la mwezi huo linavunja mbao za wanaojua, na chini ni mwamba mtupu. Njoo mwezi wa tatu. Kuna ghuba huku nyuma, chini mchanga, wimbi linakufika kifuani. Ila kwenye picha halipendezi, ndiyo maana bwana haitaji.”

Kesho yake Pilipili alitoka zamu ya saa kumi na nne, akaja moja kwa moja chumba cha ushonaji, akavua viatu na kujibwaga juu ya bunda la shuka. Fundi akazima cherehani, akamweleza yote, ya dobi na ya ile kamba. Pilipili alikuwa amefumba macho, Fundi akadhani usingizi umemchukua.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilijua utaacha kunialika.”

Pilipili akajisugua macho. “Na mimi lile wimbi naliogopa, mwenzangu. Ila wodi naiogopa zaidi. Wiki hii tumepoteza wawili. Nataka kitu kikubwa kinisukume, nisiweze kufikiri chochote.”

 Fundi alimfunika miguu kwa shuka iliyokuwa mapajani mwake, akarudi kwenye bunda.

Hawakugombana, ila kila mmoja alishika njia yake shingo upande. Pilipili alikwenda mwezi wa saba, akarudi na nyuzi sita kidevuni na maneno machache. Alipanda wimbi moja tu, alisema, na siku zilizobaki alikaa kivulini akitazama. Fundi aliuchunguza ule mshono kwa karibu, akasema aliyeushona alikuwa na haraka. Pilipili akacheka mpaka kidevu kikamuuma. Alisema hajutii.

Fundi alisubiri miezi minane mingine, bunda kwa bunda. Alipofika kisiwani alilala siku mbili mfululizo, akiamka kula tu. Siku ya tatu dobi alimpeleka kwenye ghuba. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na wimbi lilikuwa la uvivu. Alianguka asubuhi nzima, na kila alipoanguka alisimama akakanyaga mchanga, maji yakimfika mbavuni. Karibu na adhuhuri wimbi moja lilimbeba amesimama hadi ubao ukakwaruza chini, akashuka kwa mguu mmoja, polepole. Alitazama nyuma kuona kama kuna aliyemwona. Dobi alikuwa ameshaondoka, ana nguo za kuanika. Fundi akaubeba ubao wake, akarudi kulala.