Nilisafisha registry kompyuta iwe nyepesi, nusura nipoteze maneno ya Bibi Mwanahawa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeona mnabishana kwenye uzi mwingine kama kusafisha registry kunaongeza spidi. Mimi hili limenikuta, na nitalisimulia lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, kompyuta used zinaingia kutoka Dubai, kila mtaa wenye umeme unafungua stationery. Mimi nilikuwa na yangu Mafiga, hapa Morogoro. Mashine moja tu, Windows 98, RAM 32 MB.

Niliringa nayo kama nimenunua ndege!

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Mwalimu Kibwana, mstaafu, Mluguru wa Kinole. Alikuwa anakusanya maneno ya Kiluguru cha zamani ili wajukuu zake waje wayakute.

Siku moja akaja na dada yake mkubwa, Bibi Mwanahawa, aliyeshuka mjini kutibiwa macho. Siku tatu bibi alikaa dukani kwangu, yeye anataja, mwalimu ananieleza maana, mimi nachapa moja kwa moja. Majina ya ndege, ya migomba, ya namna mawingu yanavyolala mlimani. Likija neno la kuchekesha, anacheka yeye kwanza, sisi hata hatujaelewa.

Hakuna aliyeandika kwenye karatasi. Na mimi sikuweka kopi kwenye floppy, zile diski ndogo za kuchomeka. Kila siku nilisema kesho.

Bibi akarudi mlimani. Mwezi haukuisha, akafariki.

Sasa njooni kwenye mashine. Ilikuwa imekuwa nzito, acha tu. Unaiwasha, unachemsha chai, unakunywa, unasuuza kikombe, bado inakoroma. Jamaa mmoja akanipa CD yenye programu ya kusafisha registry.

Kwa wasiojua, registry ni kama daftari la ndani ambalo Windows inaandikia mipangilio yake na ya programu zote. Ile programu ikapekua, ikaniletea orodha ya "errors" mia tisa na kitu, zote nyekundu.

Nikasema kumbe ndiyo maana! Nikabonyeza Fix All. Nikapiga makofi peke yangu. Nikarestart.

Haikuwaka. Screen nyeusi, maandishi meupe, inadai kuna faili halionekani. Nikazima, nikawasha. Vile vile.

Mchana huo huo Mwalimu Kibwana akaingia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leo nimekuja tuyaprint yale ya dada."

Nikamwambia ukweli wote. Akakaa pale pale alipokuwa akikaa dada yake.

"Mwanangu," akasema, "yake yamo humo tu. Mimi sikuandika."

Fundi redio wa jirani akachungulia, akatoa ushauri wake: "Piga format, weka Windows upya, dakika arobaini tu."

Nikashika CD ya Windows. Wallahi nilikuwa nakwenda kufanya hivyo, maana nilichanganyikiwa. Aliyeniokoa ni mwalimu, mtu asiyejua hata kushika mouse.

"Hiyo format ndiyo nini?"

"Inafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Kila kitu? Na ya dada?"

Nikaiweka CD chini.

Nikapanda baiskeli mbio hadi chuoni kumfuata Dada Neema, fundi wa maabara ya kompyuta. Swali lake la kwanza: "Umeshaformat?"

"Bado."

"Basi usilie."

Alipofika akatueleza kwamba maandishi hayakai kwenye registry, yanakaa kwenye disk, na disk haijaguswa. Kilichoharibika ni lile daftari. Na kumbe Windows 98 kila siku ikiwaka vizuri inajiwekea kopi ya daftari hilo!

Akawasha huku anabonyeza F8, akachagua Command prompt only, akaandika scanreg /restore. Ikaja orodha ya tarehe. Akachagua ya asubuhi ile. Akarestart.

Wakuu, ile desktop ilipotokea nilipiga ukelele, wateja wa cherehani jirani wakatoka nje wakidhani moto! Nikafungua faili. Maneno yote yapo. Mwalimu akainama kwenye screen, akasoma la kwanza kwa sauti, kwa lafudhi ya dada yake kabisa, akacheka huku machozi yanamtoka.

Tukaprint hapo hapo. Kopi tatu, na floppy mbili juu.

Nikamuuliza Neema, sasa uzito je? Akavua saa yake ya mkononi, tukapima. Kuwaka: dakika nne na ushee. Akaingia msconfig, akazima programu kumi zilizokuwa zinajiwasha zenyewe. Tukafuta takataka, maana disk ilijaa pomoni, tukadefrag, yaani vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye disk vikapangwa pamoja. Tukapima tena: chini ya dakika mbili! Baadaye nikaongeza RAM, ikawa inaruka.

Mimi mbishi, sikuridhika. Wiki zilizofuata tukaijaribu ile programu kwenye mashine moja ya maabara, tukiwa tumeweka backup. Kabla na baada, tofauti ni sekunde moja. Tukarudia, hata hiyo sekunde haikuwepo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mabaki kwenye registry ni mistari michache tu ndani ya daftari kubwa, kuyafuta hakukupi spidi utakayoiona. Ukifuta mstari usio sahihi, ndiyo unaona screen nyeusi. Uzito unatoka kwenye RAM ndogo, disk iliyojaa na programu zinazojiwasha.

Na jingine nililojifunza: usitengeneze kompyuta, hata kama ni yako, kabla hujauliza humo ndani kuna nini cha mtu.

Anayepinga aje na mashine yake, RAM yake, na muda aliopima kwa saa. Nipo tayari kushindwa. Na kama kuna Mluguru humu, aseme neno moja la bibi yake, nimpelekee Mwalimu Kibwana. Bado anakusanya.